Bwana harusi avalie wapi: nyumbani kwao, hotelini, au aanzie kwa kinyozi? Ulinganisho kwa wanaotaka picha nzuri za asubuhi

Kwenye vikao vya harusi hapa Dar mambo ya bibi harusi yanajadiliwa mpaka rangi ya kucha, ila ukiuliza bwana harusi atavalia wapi unajibiwa "ye atajua mwenyewe", alafu Jumamosi asubuhi ndo watu wanaanza kupigiana simu. Mi hii ishu inaniuma kweli. Albamu ikija, kurasa za upande wa kiume unakuta picha mbili tatu tu, anafunga kifungo, kakaa kwenye gari, basi, wakati asubuhi ile baba yake alikuwepo, mjomba alikuwepo, masela aliokua nao mtaani walikuwepo, na hakuna kitu kimebaki. Kwahiyo naandika kwa ajili ya anayeoa, kwa dada anayeolewa (maana mara nyingi wewe ndo unaongea na mpiga picha), na kwa vijana wanaoanza kazi ya picha ambao wanatumwa "nenda kwa bwana harusi" bila maelezo yoyote.

Sehemu zenyewe ni tatu: nyumbani kwao, chumba cha hoteli, na kwa kinyozi. Hakuna moja ya kumfaa kila mtu, inategemea ndoa ni saa ngapi, iko wapi, na wewe ni mtu wa namna gani.

Vitu vya kuangalia kabla hujachagua

Watu. Hiki nakiweka cha kwanza na nakisisitiza, kwa sababu wengi wanaanza na uzuri wa chumba. Jiulize nani unataka aonekane kwenye picha za asubuhi ile, ukishapata majina ndo uulize hao watu wanaweza kufika wapi bila shida. Chumba kizuri kisicho na mtu ndani yake kinakupa picha za suti.

Mwanga. Dar tupo karibu na ikweta, jua linachomoza mida ya saa 12 mpaka saa 12 na nusu mwaka mzima na ikifika saa 3 limeshakuwa kali. Dirisha linalotazama mashariki asubuhi linaingiza jua la moja kwa moja, linaunguza shati jeupe na kuacha nusu ya uso gizani, ila dirisha la kusini au kaskazini linakupa mwanga mtulivu. Na bwana harusi wetu ana kazi tatu kwa mkupuo, ngozi nyeusi, shati jeupe pee, suti nyeusi au ya bluu ya giza, yani kamera ikiachiwa iamue yenyewe itachanganyikiwa. Pima mwanga kwa uso, piga kwa RAW (faili ghafi la kamera, linalokubali kurekebishwa sana), mengine utarekebisha baadae.

Nafasi na kinachoonekana nyuma. Chumba kiwe na uwezo wa mpiga picha kurudi hatua tatu au nne. Kama hakuna, atatumia lenzi pana, na lenzi pana ikisogezwa karibu inavuta pua na paji la uso.

Muda na njia. Mwanaume kuvaa ni dakika 15, tusidanganyane, ila picha za maana (viatu na saa na pete vikiwa vimepangwa, shati, tai, koti, wazazi, wapambe, picha yake peke yake) zinataka kama saa moja na nusu. Alafu kuna foleni, hapo kila mtu anajua.

Hela. Sio ya chumba tu, na usafiri wa watu, na chai.

1. Nyumbani kwao

Watu. Hapa nyumbani hapana mpinzani. Bibi ambaye hatapanda gari mpaka ukumbini usiku yupo kwenye kiti chake, jirani aliyemlea anapita na vitumbua, wadogo zake wanagombania kumshikia viatu. Na kuna vitu havipangwi. Baba anajifanya yuko bize na simu ya ukumbi, anazunguka zunguka, mwisho anaingia chumbani, anaangalia tai ya mwanae, haongei, anaivuta kidogo kushoto alafu anampiga piga kifuani kama mara mbili hivi na kutoka. Hiyo ni sekunde tano. Mpiga picha akiwa nje anapiga gari inavyopambwa maua imempita.

Kwa harusi za Kiislamu, hasa zile za pwani ambazo ndoa inafungwa msikitini baada ya Alasiri, nyumbani ndo kwenye mambo yenyewe. Kanzu inafukizwa udi, moshi unapanda ndani ya kitambaa, mama au shangazi anaigeuza upande wa pili iingie kotekote, kama kuna joho na kilemba basi kuna mzee mmoja tu anayejua kukifunga vizuri na mikono yake inafanya kazi bila kuangalia. Mtu wa picha akae upande ambao moshi upo kati yake na dirisha, mwanga ukitokea nyuma ya moshi ndo unaonekana, ukitokea mbele unapotea kabisa. Mambo haya hotelini hata kama hamkatazwi mtaogopa kengele ya moto.

Mwanga. Hapa ndo kuna kazi. Nyumba nyingi zina nondo madirishani zinazochora mistari usoni jua likiingia, dawa yake ni ile shea nyeupe ya dirishani, ivute tu, inalainisha mwanga vizuri kuliko vifaa vya kununua. Kuta za kijani, za pichi, za bluu zinarudisha rangi yake usoni, kwahiyo msimamishe mtu karibu na dirisha na mbali na ukuta. Na sebule zetu za sahivi zina jipsamu yenye taa za rangi zambarau na nyekundu, jamani zizimeni, zote, pamoja na tyubulaiti, tumia dirisha peke yake. Jipsamu nyeupe yenyewe ni rafiki maana ukielekeza flashi juu inarudi laini, ila ukikuta siling'i bodi iliyopakwa rangi au mabati matupu hiyo mbinu sahau.

Nafasi. Ndogo, na vitu vingi. Mabegi, makreti ya soda ya jana, mafeni, pasi iko juu ya kitanda. Chagueni chumba kimoja usiku wa Ijumaa mkitoe vitu, kimoja tu kinatosha. Ila msitoe kila kitu! Picha ya babu iliyotundikwa ukutani iacheni, vitambaa vya makochi alivyofuma mama viacheni, baada ya miaka ishirini hivo ndo vitaangaliwa kuliko suti.

Muda. Mko kwenu kwahiyo hakuna anayewafukuza, lakini hapohapo ndo muda unapopotea, kila anayeingia anataka salamu na picha yake, bwana harusi anaitwa kuulizwa mchele uko wapi. Lazima kuwe na mtu mmoja mkali, kaka au binamu, kazi yake ni mlango tu. Umeme nao usisahau, suti na kanzu zipigwe pasi usiku wa Ijumaa, msisubiri asubuhi.

Hela. Ndogo kuliko zote, ingawa chai ya watu wote hao nayo ni hesabu.

Inamfaa nani: mwenye familia kubwa na wazee, anayetaka picha za watu kuliko za mitindo, na ambaye kwao na sehemu ya ndoa hapako mbali sana. Haimfai yule ambaye kelele zinampandisha presha, na wapo wengi, sio dhambi.

2. Chumba cha hoteli

Watu. Wachache. Mpambe, marafiki wawili watatu, labda kaka. Wazee hawaji kirahisi, mapokezi wanaulizwa wanaenda chumba namba ngapi, lifti, wanajisikia wageni, kwahiyo wanasema "tutaonana kanisani". Kama unamtaka baba kwenye picha za asubuhi mtumie gari na mtu wa kumpokea mlangoni, usiseme tu "njoo". Kwa upande mwingine utulivu huo una faida yake, kuna wanaume wanaongea na wapambe wao kwenye chumba kile mambo ambayo nyumbani yasingeongeleka, na inaonekana kwenye picha.

Mwanga. Kwa kawaida mzuri. Dirisha kubwa, shuka nyeupe, kuta nyeupe au za krimu, mwanga unagonga kila mahali na kurudi bila rangi. Angalia vitu viwili. Cha kwanza vioo vya tinti, vinaupa mwanga ubluu au ukijani, rekebisha waiti balansi (ile seti ya kamera inayofanya cheupe kionekane cheupe) kwa kupima kwenye shuka. Cha pili ni kiyoyozi, na hiki kinawaumiza wapiga picha wengi: kamera imekaa masaa kwenye baridi, ukitoka nayo nje kwenye joto na unyevu wa Dar lenzi inapata ukungu hapohapo na kufuta haisaidii maana unarudi. Zimeni kiyoyozi mapema kabla ya kutoka, au begi la kamera likae limefungwa nje mpaka lizoee joto, kama nusu saa hivi.

Nafasi. Chumba cha kawaida kitanda kinakula robo tatu ya sakafu, kwahiyo usidanganywe na picha za kwenye tovuti, nenda kaone, au omba mtu wa mapokezi akurekodie kavideo. Faida ni usafi na kioo kirefu. Hasara ni kwamba vyumba vya hoteli vinafanana, picha yako na ya mtu wa Arusha au Mombasa unaweza ukashindwa kuzitofautisha, isipokuwa ulete vitu vyako: saa ya baba, Biblia au msahafu wa nyumbani, kadi aliyoandika bibi harusi.

Muda. Soma hapa vizuri. Hoteli nyingi mgeni anatakiwa kutoka saa 4 asubuhi na chumba kipya kinakabidhiwa saa 8 mchana. Ukilipia usiku wa Jumamosi peke yake, asubuhi ya Jumamosi huna chumba! Ulale tangu Ijumaa, na kama ndoa ni mchana ongea nao mapema wakuongezee masaa na waandike. Kingine, baadhi ya hoteli zinadai hela kwa mpiga picha akitumia bustani, ngazi au juu ya ghorofa, ulizeni kabla, msije mkakutana na mlinzi wakati koti limeshavaliwa.

Kama bibi harusi naye anajiandaa hoteli hiyohiyo na mna mpiga picha mmoja, hapo hotelini panashinda kirahisi. Anaanza kwa bwana harusi maana anamaliza haraka, kisha anapanda kwa bibi harusi ambaye make up yake bado inaendelea, anawahi gauni likivaliwa.

Hela. Kubwa. Chumba, labda viwili, chakula, na pengine hiyo ada ya bustani.

Inamfaa nani: anayeoa mbali na kwao, aliyekuja kuoa kutoka Muscat au London na ndugu wamejazana nyumba moja ya shangazi Tabata, anayependa picha safi za kimtindo, na asiyependa msongamano.

3. Kuanzia kwa kinyozi

Naiweka kama ya tatu lakini ieleweke kwamba hii haijitoshelezi, maana suti haivaliwi saluni, nywele na poda vitaganda kwenye koti jeusi hata usugue vipi. Kinyozi ni sura ya kwanza, ya pili itakuwa nyumbani au hotelini. Swali lenyewe ni kama inafaa kuongeza hicho kituo asubuhi ile au uende Ijumaa jioni.

Watu. Masela. Vijana wa kijiweni, kinyozi anayemnyoa tangu yuko sekondari, wapambe wamepanga foleni kuchongwa ndevu. Vicheko vya pale havipatikani sehemu nyingine, na bwana harusi anajisahau kwamba kuna kamera, kitu ambacho chumbani kinachukua muda. Wazazi hawapo, ndo hivyo.

Mwanga. Mgumu kuliko sehemu zote na ndo maana picha zake zikitoka zinakuwa na ladha. Kuna tyubulaiti, kuna taa za LED za rangi zimezunguka kioo, kuna mwanga wa mlangoni, vyote vina rangi tofauti. Muombe mwenye saluni azime za rangi kwa dakika chache, na kiti kinachotumika kiwe kile cha karibu na mlango. Halafu kuna ile mistari mieusi au ya njano inayokatiza picha, wengi wanafikiri kamera imekufa. Umeme wetu ni wa 50Hz kwahiyo taa za namna hiyo zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kamera inaona. Ukipiga kwa shata (kasi ya kamera kufunga) ya 1/500 ya sekunde utaipata mistari, ukishuka kwenye 1/100 au 1/50 inatulia. Mkono wa kinyozi ukitembea kidogo kwenye picha sio tatizo, mashine inaonekana iko kazini.

Nafasi. Finyu, vioo pande mbili au tatu, na wewe mwenye kamera unaonekana kwenye vyote. Usisimame nyuma ya kiti, simama pembeni upate uso wake halisi na ule wa kwenye kioo kwa pamoja. Lenzi ya 35mm inatosha kazi yote ile. Mabango ya mitindo ya nywele ukutani yaache yaonekane, ndo saluni yenyewe. Wateja wengine waombwe ruhusa, mtu kapakwa skrabu usoni hajaja kupigwa picha za harusi ya mtu.

Muda. Jumamosi saluni zinajaa, kwahiyo ongea na kinyozi afungue saa 1 asubuhi kwa ajili yenu tu, na umlipe kwa huo usumbufu. Na kuna suala la ngozi. Wanaume wengi weusi wakinyoa ndevu chini kabisa ngozi inatoa vipele, na hivyo vipele vinaonekana zaidi pale anapopigwa picha kwa karibu akifunga tai. Kama wewe ni wa hivo basi ndevu zishughulikiwe Ijumaa au Alhamisi, Jumamosi iwe ni kurekebisha mstari tu na kitambaa cha moto. Hapo picha zinapatikana na uso unabaki salama.

Hela. Ndogo, ila kama mpiga picha unamlipa kwa masaa hilo saa la ziada lihesabu.

Inamfaa nani: kijana ambaye marafiki zake ndo familia yake ya pili, anayependa picha zenye mtaa ndani yake, na ambaye ndoa yake haiko asubuhi.

Sasa kwa hali yako

Ndoa ni ya saa 4 asubuhi: achana na kinyozi wa asubuhi, nenda Ijumaa. Valia sehemu iliyo karibu zaidi na kanisa hata kama ni kwa rafiki, mwanga wa saa 1 na nusu mpaka saa 3 ni mzuri sana na utaupoteza kwenye foleni. Kama kwenu ni Kimara au Mbagala na kanisa liko Posta, lala mjini.

Ndoa ni mchana au baada ya Alasiri: una asubuhi nzima, kinyozi saa 1, chai nyumbani, kuvaa saa 5 au 6. Mchana jua liko juu kwahiyo dirisha la upande wowote halichomi tena, lakini vibarazani vivuli vinashuka machoni, picha za nje zipigwe chini ya mti au upande wa nyumba wenye kivuli.

Mzazi anaumwa au hatoki ndani: nyumbani, hata kama chumba kina dirisha moja na ukuta wa kijani. Hapa mwanga tutautafuta.

Mpiga picha ni mmoja na kwenu na kwao kumetenganishwa na kivuko cha Kigamboni: ama wote wawili mvalie upande mmoja, ama msaidizi aende kwa bwana harusi na aambiwe majina ya watu wanaotakiwa. Kumwambia mtu mmoja "utakimbia utawahi" ni kumtafutia lawama.

Hujui bado, uko katikati: inawezekana kugawanya. Lala hotelini na mpambe, asubuhi rudi nyumbani ukiwa na shati na suruali tu, tai na koti uvalishwe na baba mbele ya mama. Vipande hivyo viwili vya mwisho ndo vyenye picha, na havichukui hata dakika kumi.

Popote utakapochagua, siku tatu nne kabla mtumie mpiga picha video fupi ya chumba ukiwa umeirekodi saa ileile utakayovalia, uzungushe simu taratibu kuanzia dirishani, na umwandikie majina ya watu watano ambao lazima wawepo kwenye picha za asubuhi.